Mwalimu wa Chiriku

Pale bekari walimwita Mshale, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dereva wa pikapu ya mikate, mwanamume mfupi mwenye kifua kipana na mkono mmoja mweusi kuliko mwenzake, kwa kuwa mkono wa dirishani ndio uliokula jua miaka yote hiyo. Mkate ulipotoka tanurini alfajiri ukiwa bado unafuka, Mshale ndiye aliyeufikisha madukani kabla wenye maduka hawajamaliza kupiga miayo. Akichelewa, si yeye aliyechelewa. Barabara ndiyo iliyojaa watu wasiojua kuendesha.

Hao watu wasiojua kuendesha ndio waliokuwa wimbo wake wa kila siku. "Huyu naye leseni kaiokota wapi?" angesema huku akimpita mtu kwenye kona, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umening'inia nje kama nguo iliyoanikwa. Wapakiaji wa bekari walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mshale akipata wa kumcheka vizuri basi siku yake ilikuwa imenyooka.

Udereva wenyewe aliupata kwa kuwa utingo. Alipanda lori akiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke ama zisubiri, akawa anafunga turubai, anabadilisha magurudumu na kumchemshia dereva chai. Dereva yule alifundisha kwa makofi. Ukikosea gia, kofi. Ukiuliza kwa nini, makofi mawili. Basi Mshale akajifunza kila kinachofanywa ndani ya gari, asijifunze hata kimoja kinafanywa kwa sababu gani. Leseni nayo ilikuja kupitia kwa mtu aliyemjua mtu, na siku ya mtihani Mshale mwenyewe alikuwa safarini na shehena ya saruji. Habari hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara aliisimulia kama kichekesho.

Binti yake wa kwanza walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na alipoanza kutembea alikuwa akisema huku anatembea. Alisema akila, alisema akifua, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akigombana na mtu. Alipomaliza sekondari akaja na karatasi yenye tangazo la shule ya udereva iliyofunguliwa karibu na stendi. Ilikuwa na masomo ya vijana: kwanza darasani, halafu uwanjani, halafu barabarani na mwalimu pembeni. Rafiki yake, binti wa jirani waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alikuwa anataka kujiandikisha naye.

"Darasani?" Mshale aliuliza. "Siku hizi gari linaendeshwa kwa kalamu?"

"Baba, wanafundisha na alama za barabarani, na matengenezo, na—"

"Alama utaziona barabarani, zimesimama pale hazikimbii. Mwanangu, una dereva ndani ya nyumba halafu unakwenda kukodi dereva mjini? Watu watanionaje?"

Mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule na ambaye hakuwa mwepesi wa maneno, alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Mwache aende," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe una haraka."

"Haraka ndiyo iliyokulisha."

Mkewe akaendelea kuchambua mchele.

Basi Mshale akamfundisha binti yake mwenyewe. Kila Jumapili asubuhi walikwenda na pikapu ya bekari, ambayo ililala nyumbani kwake, kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya maghala, na lazima isemwe kweli: hakumpiga kofi hata siku moja. Gari lilipozimika alimwambia, "Taratibu, mama, klachi haina haraka." Lilipozimika tena walicheka wote wawili. Baada ya muda Chiriku alianza kuzunguka kiwanja huku anapiga soga, na Mshale aliyeketi upande wa pili kichwa kilimvimba kwa raha. Siku zile zilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliokuja kumuumiza baadaye.

Alimfundisha yote aliyokuwa nayo. Alimfundisha kumbana aliye mbele mpaka asogee mwenyewe. Alimfundisha kwamba mkanda ni kitu cha kumwonyesha trafiki ukifika kizuizini, na ule wa abiria wala haukuwa wa kuonyeshwa, kwa maana alikuwa ameusokomeza nyuma ya kiti tangu zamani, usigonge trei za mikate. Na kwenye barabara ya kushuka kutoka maghala alimfundisha ufundi aliojivunia kuliko wote.

"Ukifika mteremkoni, toa gia. Weka gia huru, liache lishuke lenyewe. Gari likishuka lenyewe mafuta ya nini? Wewe kazi yako ni breki tu."

"Kwa nini wengine hawafanyi hivyo?"

"Kwa sababu wengine si Mshale."

Ikawa hivyo. Chiriku akapata leseni ya kujifunzia, ile isiyoruhusu mtu kuendesha peke yake, na Mshale akawa anatangaza bekari nzima kwamba nyumbani kwake kuna madereva wawili.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mshale aliamka mgongo umemkaza, hawezi kuinama wala kuinuka, akalala mkekani na kitambaa cha maji moto kiunoni, akilaani kila kitu kilichowahi kupakiwa garini. Asubuhi ilipokuwa imekomaa, tajiri wa bekari akapiga simu. Unga umekwisha, mashine zimesimama, mzigo uko tayari ghala la juu. Mshale yuko wapi?

"Niko njiani, tajiri," alisema Mshale, akiwa kifudifudi.

Angeweza kusema anaumwa. Bekari ilikuwa na dereva mwingine, kijana aliyeajiriwa karibuni, mwenye cheti cha ile shule ya stendi na tabia ya kulizunguka gari akiangalia magurudumu kabla hajaliwasha. Mshale alimwita Bwana Harusi, kwa vile alivyoingia garini kwa madaha. Kumwachia Bwana Harusi mzigo wake hakukubali. Akamwita binti yake.

"Chukua pikapu ukalete unga. Njia unaijua."

"Baba, peke yangu? Leseni yangu ile ya—"

"Trafiki wa njia hiyo nawajua wote. Ukisimamishwa, taja jina langu. Nenda, mama. Wewe ni dereva kuliko wenye vyeti vyao."

Akamtupia funguo. Twiga alikuwa uani, amekuja kumwazima rafiki yake kitabu. Alizisikia funguo zikilia zilipodakwa, na maneno yote yaliyotangulia aliyasikia. Akasema atamsindikiza, asafiri na mtu wa kuzungumza naye. Wakaondoka wakicheka. Mshale akageuza shavu la pili kwenye mto na kusikiliza gari likitoka, akasikia gia ya pili imeingizwa vizuri kabisa, akatabasamu.

Simu ya pili ilipigwa na mtu asiyemjua. Mpaka leo Mshale hakumbuki mgongo wake uliinukaje. Anakumbuka yuko juu ya pikipiki ya kukodi, amevaa malapa, shati limefungwa vifungo upande upande, na barabara ya kutoka maghala imejaa watu.

Chini ya mteremko, pale barabara inapokata kona kuvuka mfereji, pikapu ilikuwa imeupiga ukingo wa daraja kwa upande wa abiria. Mifuko ya unga ilikuwa imeruka na kupasuka, barabara nzima nyeupe. Watu walikuwa wamemtoa Twiga na kumlaza kwenye kanga ya mtu, mguu wake umekaa mahali ambapo mguu haukai, uso una damu ya vioo. Hakuwa akilia. Alikuwa anatetemeka tu na kuuliza kiatu chake kiko wapi.

Chiriku alikuwa amesimama kando. Unga ulikuwa umemfunika kutoka nywele hadi miguu, macho tu ndiyo yaliyokuwa ya mtu. Mshale alimkimbilia, akamshika mabega, akamkagua mikono, shingo, kichwa. Alikuwa mzima, ana mchubuko wa usukani kifuani tu.

"Breki, baba," alinong'ona. "Nilikanyaga, nikakanyaga. Mwanzoni zilishika. Halafu zikawa kama hazipo."

Trafiki alikuwa amekwisha kufika, mtu mzima mwenye sauti ya upole, si mmoja wa wale ambao Mshale aliwajua. Na wakati huohuo gari dogo la tajiri wa bekari likasimama, akashuka mwenyewe, akaona unga wake barabarani na gari lake limekunjwa kama karatasi.

"Nani alikuwa anaendesha?" trafiki aliuliza.

"Mimi," alisema Chiriku.

"Leseni?"

Akaitoa ile ya kujifunzia. Trafiki aliitazama mbele na nyuma. "Hii unatakiwa uwe na dereva pembeni. Nani alikupa gari?"

Hapo ndipo kilipotokea kile ambacho Mshale angetoa chochote kisiwe kimetokea. Chiriku alimtazama tajiri, akamtazama baba yake aliyevaa malapa, kisha akamrudia trafiki.

"Hakuna aliyenipa. Baba anaumwa, alikuwa amelala. Nilichukua funguo mwenyewe, hakujua."

Alisema bila kusita. Trafiki akamgeukia Mshale. "Ni kweli, mzee?"

Unga ulikuwa umemwagika tayari, mwingi, mweupe, chini ya miguu yao, na Mshale aliuona ule mwingine wa kazini nao unataka kumwagika. Aliyaona macho ya tajiri. Akafikiria watoto wake wadogo, akafikiria mkewe, akafikiria Bwana Harusi ameketi kwenye kiti chake. Hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa tu, na kichwa kilichoinamishwa mbele ya trafiki hakihitaji maneno.

"Watoto wa siku hizi," alisema tajiri kwa uchungu, akampiga Mshale begani kumpa pole.

Pole ile aliibeba hadi nyumbani, na ilimwelemea.

Twiga alilazwa. Alipasuliwa mguu, akawekewa vyuma, na daktari akasema atatembea, ila kwa muda mrefu atatembea kwa magongo na huenda mguu usirudi kama zamani. Mama yake alikuwa mshonaji, mjane, na Twiga ndiye mtoto wake pekee. Miaka yote ukuta mmoja ulizigawa nyumba zao mbili, chumvi na viberiti vikipita juu yake. Sasa mshonaji akawa anatembelewa na watu wa mtaa wakija kumpa pole, na kila aliyekuja aliondoka na habari: binti wa Mshale ameiba gari la watu, nusura amuue mwenzake. Walimwonea Mshale huruma. Baba wa watu anajituma, tazama mtoto alivyomtenda!

Mshale alikwenda hospitali kumtazama Twiga, kwa kuwa asingeweza kutokwenda. Alibeba machungwa. Mama yake Twiga alimpokea kwa heshima, akamwachia kiti, akatoka kwenda kuchota maji. Wakabaki wawili.

"Unaendeleaje, mama?"

"Naendelea vizuri, baba Chiriku," alisema Twiga.

Akamtazama. Hakumkazia macho, wala hakununa. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Mshale aliyapanga machungwa juu ya kabati, akayapangua, akayapanga tena. Mwuguzi alipopita, Mshale aliona afadhali, akaaga haraka. Ukumbini jasho lilimtoka mpaka mtu aliyekuwa anasukuma kitanda akamwuliza kama anatafuta daktari.

Nyumbani Chiriku alikuwa amenyamaza. Alijibu akiulizwa, ndiyo au hapana, na mama yake aliweka kijiko chini katikati ya chakula akasikiliza kimya kile kama mtu asikilizaye bomba linalovuja. Mshale alijaribu kumfariji kwa namna yake.

"Ajali ni ajali. Lakini nilikwambia, mama, breki haikanyagwi kwa pupa. Ulibabaika. Mbona mimi ule mteremko nimeushuka miaka yote?"

"Ndiyo, baba," alisema Chiriku.

Na Mshale aliamini maneno yake mwenyewe, hilo nalo liandikwe. La funguo lilimchoma, lakini udereva wenyewe alidhani ameufundisha sawasawa. Alijiambia kwamba mtoto alibabaika, na uongo ule ni mtoto mwenyewe aliyechagua kuusema.

Trafiki yule mpole hakumpeleka Chiriku mbali. Kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza, na kwa kuwa mama yake Twiga hakutaka binti wa jirani afungwe, shauri liliishia kwa onyo na sharti moja: Chiriku asiguse usukani mpaka amalize masomo yote ya vijana katika shule ya udereva, na siku ya kwanza mzazi aje naye. Twiga aliposikia hivyo akasema naye anakwenda. Mama yake alikataa, akapiga kelele, akalia. Twiga akamwambia, "Mama, nataka nielewe ilikuwaje. Mguu ni wangu." Basi mama akafunga cherehani akaja naye, kumlinda.

Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye madawati, na ukutani picha za alama za barabarani. Vijana walijaa mbele, wazazi wameketi nyuma. Twiga aliegemeza magongo ukutani. Chiriku aliketi kando yake, na marafiki hao wawili walishikana mikono chini ya dawati wakidhani hakuna anayewaona. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye sahani ya breki mkononi, chuma cha gurudumuni, ambayo aliitumia kuonyeshea kama walimu wengine wanavyotumia fimbo.

Mshale aliingia amenuna, akaketi miguu imenyooshwa. Lakini mwalimu alijua kuchekesha, na mara akajikuta anacheka. Mwalimu alieleza jinsi kijana anavyoendesha: mikono mepesi, macho mazuri, ila hatari haioni mpaka imemfikia, kwa sababu bado hajaziona nyingi. "Ndiyo maana tunamfundisha kuitafuta hatari kabla haijamtafuta," alisema. Mshale akatikisa kichwa kukubali. Aliona maneno ya maana.

"Nani hapa ni dereva wa siku nyingi?" mwalimu aliuliza.

Mkono wa Mshale ukapanda wenyewe.

"Karibu sana, mzee. Tusaidie vijana. Una gari lenye mzigo, unashuka mteremko mrefu. Unafanya nini?"

Mshale alisimama. Alikuwa hajapata wasikilizaji tangu ajali, wapakiaji wa bekari wakimwonea huruma badala ya kumcheka. Akatengeneza kola. "Swali rahisi hilo, mwalimu. Unatoa gia, unaweka gia huru, gari linateremka lenyewe. Unaokoa mafuta. Kazi yako inabaki breki tu."

Kijana mmoja mbele akageuka kumtazama, kisha akageukia mbele upesi.

Mwalimu hakucheka. "Ahsante, mzee," alisema taratibu. "Wengi wanafanya hivyo, na wengi walifundishwa hivyo. Vijana, sikilizeni." Akainua ile sahani ya breki. "Ukiacha gia ndani, tena gia ndogo, injini inalizuia gari lisikimbie. Ukitoa gia, injini haikusaidii tena. Uzito wote wa gari na mzigo unaziangukia breki peke yake. Unakanyaga, zinapata moto. Unakanyaga tena, moto unazidi. Zikichemka sana zinapoteza nguvu. Dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, na anachokisikia ni kama hazipo."

Kama hazipo. Mshale aliyasikia maneno hayo kwa sauti ya binti yake, binti aliyejaa unga, amesimama kando ya barabara. Alikuwa bado amesimama yeye mwenyewe.

Mbele yake Chiriku alikuwa ameinama, anaitazama meza. Hakushangaa. Mshale aliliona hilo likamkata maini: mtoto alikwisha kujua. Pengine alimuuliza mtu, pengine alisoma, pengine trafiki alimweleza siku ileile. Alijua kuwa hakubabaika, na bado alipoambiwa nyumbani kwamba alibabaika alijibu ndiyo, baba.

Mama yake Twiga naye alikuwa amesimama. "Trafiki alisema gari lilikutwa gia haipo," alisema polepole, kama anayeunga vipande vya kitambaa. "Nikasema mtoto mjinga, amejibunia upuuzi wake. Kumbe alifundishwa." Akamgeukia Mshale. "Baba Chiriku, na funguo? Nazo alijifundisha mwenyewe kuiba?"

Chiriku akainuka upesi. "Mama, mimi ndiye nili—"

Mshale aliuona uongo unakuja tena. Aliuona uso wa binti yake ukijitayarisha kuubeba mara ya pili, mbele ya watu wote wale, kwa ajili yake, na Twiga akifumba macho asiuone. Angeomba ardhi immeze, lakini ardhi ya darasa ilikuwa saruji.

"Nilimpa mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Funguo nilimpa mimi. Alinikumbusha leseni, nikamnyamazisha. Mkanda wa upande wa Twiga niliusokomeza nyuma mimi. Gia huru nilimfundisha mimi. Hakuiba kitu."

Mama yake Twiga hakumtukana. Mshale angefurahi kutukanwa. Alichukua magongo ya mwanawe, akampa, akamwambia twende nje tukapunge hewa, na alipompita Mshale alivuta gauni lake kando lisimguse.

Siku hiyohiyo Mshale alikwenda bekari. Alimkuta tajiri ofisini na akamwambia akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa aketi. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikupa pole," alisema tajiri.

"Ndiyo, tajiri."

"Mbele ya mtoto wako. Na wewe ukaipokea."

Mshale hakufukuzwa kabisa, kwa hisani ya miaka mingi, lakini aliondolewa garini. Akapewa kazi ya kusukuma trei kutoka tanurini, na Bwana Harusi akapewa njia yake. Trafiki naye alipoelezwa alimnyang'anya leseni mpaka apite mtihani, mtihani wa kweli safari hii.

Kwa mkewe ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Alimweleza jikoni. Mkewe aliendelea kukaanga vitunguu mpaka vikaanza kuungua, akaipua sufuria. "Nililala naye kitanda kimoja mtoto yule, usiku baada ya usiku, akilia," alisema. "Nikimwambia kwa nini uliiba, kwa nini uliiba. Na wewe chumba cha pili unasikia." Kwa muda mrefu chakula cha Mshale kilifunikwa mezani, akala peke yake.

Akajiandikisha shule ya udereva. Aliketi na vijana ambao wengi wao wangeweza kuwa wanawe, magoti yakigonga dawati. Kila somo lilimfungulia jambo alilowahi kumwambia binti yake kinyume. Walipofundishwa kuacha nafasi nyuma ya gari la mbele alikumbuka Jumapili gani alimfundisha kubana. Walipoonyeshwa kinachompata abiria asiyefunga mkanda alitoka nje, akajifanya ana simu. Uwanjani alisahau kutazama vioo mara kwa mara, maana alizoea kuyajua magari mengine kwa honi. Mtihani wa kwanza alianguka. Vijana walimwambia, "Pole, mzee, utapita tu," na huruma yao nayo ilimchoma.

Chiriku alipita kabla yake. Aliomba afundishwe na mwalimu, na baba yake asiwepo uwanjani siku zake. Hakuomba kwa ukali. "Ukiwepo, baba, nakusikia wewe badala ya mwalimu." Mshale akabaki nyumbani siku hizo, anafagia ua uliokwisha fagiwa. Twiga naye alimaliza masomo ya darasani, mguu ukasubiriwa upate nguvu ya klachi. Alirudi kutembea bila magongo, akichechemea kidogo. Mama yake hakupitisha tena chumvi juu ya ukuta, ila salamu alianza kuitikia.

Hatimaye Mshale alipita. Mwalimu alipompa karatasi yake alimwuliza kama angekubali kuja kila darasa jipya linapoanza, awaeleze vijana yaliyomkuta. Alitaka kukataa. Kuyasema mara moja kulimtosha maisha yake yote. Akakubali, kwa sababu hakuona haki yake ya kukataa ingetoka wapi.

Alidhani akirudia mara nyingi aibu itachakaa. Haikuchakaa. Kila alipofika kwenye kile kichwa chake kilichoinama mbele ya trafiki, masikio yalipata moto upya. Aliyaeleza hivyohivyo, bila kujitetea, bila utani wake wa zamani, na vijana waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini.

Siku moja Chiriku alikuja bila kumwambia. Alikuwa amemleta Twiga kwa somo lake la kwanza la uwanjani, akapita darasani, akasimama karibu na mlango. Mshale alimwona akiwa katikati ya maelezo, akajikwaa neno, akaendelea. Alipomaliza, msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mzee, samahani. Kama usingejibu lile swali la mteremko, ungesema lini kwamba funguo ulimpa wewe?"

Mwalimu alijongea kama anayetaka kumwokoa. Mshale akamwashiria asijali. Aliwaza majibu yaliyokuwa mazuri, yapo mengi, kwamba ingekuwa kesho yake, kwamba dhamiri ingemsukuma, kwamba hakuna baba ambaye angeweza kumwacha mtoto aubebe uongo ule daima. Akatazama mlangoni. Binti yake alikuwa anasubiri jibu kama wengine.

"Sijui," alisema. "Nimejiuliza sana. Pengine nisingesema."

Akaona ni kweli, na kwamba binti yake alikuwa akilijua hilo siku zote. Hakuweza kumtazama tena. Akavuta kiti, akaketi pembeni, na mwalimu akawaambia vijana wachukue funguo za gari la mazoezi watoke nje, waanze kwa kulizunguka na kukagua magurudumu.